Maswali ya Wasomaji: Mshale wa Joto Unaporukaruka

Barua nne tulizochagua kwa toleo hili zimetoka Lanet, Kakamega, Kisumu na Bungoma, na zote zinahusu geji ya joto la injini katika magari ya spoti. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake mna hitilafu zaidi ya moja, na kila moja inaificha mwenzake.

SWALI: Kwa Fundi wa safu hii, salamu. Nina gari aina ya Subaru Impreza WRX la mwaka 1996, lenye tabo, ambalo hunipeleka kazini Nakuru mjini, na kila mwisho wa mwezi huenda nalo Eldoret kumjulia hali mama. Kwa muda sasa mshale wa joto hauaminiki. Fundi wangu alibadilisha sensa, akaizungushia ile tepu nyeupe ya mafundi wa mabomba ili isivuje, na mshale ulipokataa kutulia akaitoa themostati (vali inayoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto) kabisa, akisema kwamba kitu hicho ni cha nchi za baridi. Hivi sasa, nikipita barabara mbovu mshale huanguka ghafla hadi kwenye C (baridi), kisha huruka na kurudi mahali pake. Nikiwasha taa kubwa usiku, husogea kidogo. Lakini ninapopanda kutoka Mau Summit kuelekea Timboroa hupanda polepole hadi robo tatu, na siku moja nilipofungua hita kwa sababu ya baridi, ilitoa hewa baridi tupu. Fundi anataka ninunue dashibodi nzima kutoka Kirinyaga Road, Nairobi. Je, ninunue?
Mwenye Impreza, Lanet

JIBU: Usinunue dashibodi bado, ndugu yangu, na kwa heshima ya fundi wako, mwombe aweke spana chini kwanza mpaka mtakapokuwa mmepima. Barua yako imeeleza tabia tatu za mshale ambazo hazina chanzo kimoja, na kosa ambalo wengi hulifanya ni kudhani kwamba wakishapata waya mbovu, basi injini imeondolewa lawama. Geji yaweza kuwa mbovu na injini ikawa inachemsha kwelikweli siku hiyohiyo. Nikiisoma barua yako, naona hivyo ndivyo ilivyo kwa gari lako.

Tuanze na kule kuanguka ghafla kwenye barabara mbovu. Injini yako ni kilo nyingi za chuma na alumini zikizungukwa na lita kadhaa za maji, na mzigo kama huo hauwezi kupoa nyuzi makumi kwa kufumba na kufumbua eti kwa kuwa gurudumu limeingia shimoni. Mshale unaoanguka na kuruka papo hapo, kwa kufuata mtikisiko wa barabara, unaongozwa na umeme unaokatika na kurudi, wala hauongozwi na joto. Hapo tepu nyeupe ndiyo mshukiwa wangu wa kwanza. Sensa ya geji katika magari ya umri wa lako kwa kawaida ina waya mmoja tu; umeme hutoka kwenye geji, hupita kwenye waya huo hadi ndani ya sensa, kisha hurudi kwenye hasi ya betri kupitia nyuzi za skrubu ya sensa yenyewe zilizokaza kwenye chuma cha injini. Ukizizungushia nyuzi hizo tepu ya plastiki, umeiwekea sensa kizuizi katika njia yake ya kurudi. Mara nyingine chuma huikata tepu na umeme ukapita, mara nyingine hupita kwa shida, na mara nyingine hupita gari likiwa limesimama na kukatika linapotikisika. Kama sensa inavuja, tumia washa mpya ikiwa ni ya aina ya washa, au gundi ya nyuzi kidogo sana, tena iliyo mbali na ncha.

Namna ya kuthibitisha haya haihitaji pesa. Kwanza itafute sensa yenyewe, kwa maana mafundi wengi huchanganya mbili zilizo jirani. Katika injini yako zimo kwenye bomba la maji lililo chini ya manifoldi ya hewa. Yenye waya mmoja ni ya geji, na yenye nyaya mbili ni ya kompyuta ya injini. Ukikuta kipande kimoja chenye nyaya tatu, basi zote mbili zimeunganishwa ndani yake. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, chomoa waya wa geji, kisha geuza swichi bila kuwasha injini. Mshale unapaswa kulala kwenye C. Sasa unganisha ncha ya waya huo na chuma cha injini kwa kupitia balbu ndogo ya wati 3.4, kama zile za kumulika dashibodi, na mshale unapaswa kuanza kupanda kuelekea H (moto). Balbu hiyo ipo ili umeme usipite wote kwa mkupuo ukaunguza geji, na ninaisisitiza kwa sababu nimeona geji nzima zikiuawa na kipimo kilichokusudiwa kuziokoa. Ikiwa mshale umelala na kupanda kama nilivyoeleza, geji ni nzima na waya ni mzima, na pesa za Kirinyaga Road zimebaki mfukoni mwako. Tikisa waya huo taratibu kuanzia kwenye injini hadi unapoingia nyuma ya dashibodi huku mwenzako akitazama mshale. Mahali utakaporuka ndipo penye mchubuko au kichwa cha waya kilicholegea.

Baada ya hapo weka mita ya umeme kwenye kipimo cha ukinzani, ncha moja kwenye kichwa cha sensa na nyingine kwenye chuma cha injini. Sensa za aina hii hupunguza ukinzani kadiri zinavyopata joto, kwa hiyo namba itakuwa kubwa asubuhi na itashuka bila kurukaruka injini inapopata moto. Kisha hamisha ile ncha ya pili kutoka kwenye chuma cha injini hadi kwenye pembe za nati ya sensa. Ikiwa namba ya kwanza ni kubwa kuliko ya pili, tofauti hiyo ndiyo tepu. Kama unataka pia kuipima ile ya kompyuta, katika magari mengi ya Kijapani huonyesha takriban omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20 za joto na omu 300 hadi 400 kwenye nyuzi 80.

Jambo la taa ni dogo, nami nitalipita haraka. Mshale unaosogea unapowasha taa unaonyesha kwamba dashibodi na taa zinagombea waya mmoja mbovu wa bodi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri kupitia chuma cha gari. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye waya wa bodi nyuma ya geji na nyingine kwenye hasi ya betri, taa zikiwa zinawaka. Ikizidi sehemu mbili za kumi ya volti, fungua skrubu inayoshika waya huo, kwangua kutu na rangi, kisha kaza upya.

Sasa tufike Timboroa, kwa kuwa hapo ndipo barua yako iliponitia wasiwasi. Kupanda polepole, mlimani, tabo ikifanya kazi, si tabia ya waya. Na ile hita iliyotoa baridi ni shahidi ambaye hana uhusiano wowote na geji yako: hita hupata joto lake kutoka kwa maji yaleyale ya injini, na ikitoa baridi wakati injini ina moto, maana yake maji hayafiki huko, ama kwa sababu yamepungua, ama kwa sababu hewa imekwama ndani ya mabomba. Ongeza juu yake jambo hili: ukinzani wa ziada unaoletwa na tepu huifanya geji isome joto la chini kuliko lililopo. Yaani ule mshale uliouona robo tatu huenda ulikuwa unakupunguzia habari. Kama ungeibadilisha dashibodi leo, ukakuta mpya nayo inapanda hadi robo tatu, ungeambiwa kwamba dashibodi hiyo pia ni mbovu, na mwezi ujao ungekuwa unanunua injini.

Lazima pia tuzungumzie mwinuko wa mahali, jambo ambalo vitabu vya magari vilivyoandikwa Japani au Ulaya hulipita kwa mstari mmoja. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 ufuoni Mombasa, lakini kiwango hicho hupungua takriban nyuzi moja kwa kila mita 300 unazopanda. Nakuru, iliyo karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Timboroa, iliyopita mita 2,700, huchemka karibu na 91. Kinacholiokoa gari ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko kizima kilichoandikwa 0.9 huyabana maji kiasi kwamba hata hapo Nakuru hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 115, na yakichanganywa nusu kwa nusu na kulanti (dawa ya maji ya rejeta) huzidi hapo. Lakini mpira wa kifuniko ukikauka na kuachia shinikizo, gari linabaki na kanuni ya sufuria. Feni za magari mengi huanza kuzunguka nyuzi zinapofika 95 au kuzidi kidogo, kwa hiyo maji matupu yenye kifuniko kibovu huweza kuchemka na kumwagika huko Timboroa kabla feni hazijaitwa hata mara moja, tena mshale ukiwa umetulia katikati! Hapo geji haijadanganya. Imesema nyuzi 91, nazo ni 91 kweli. Anza basi kwa kununua kifuniko kipya chenye namba ileile iliyoandikwa kwenye cha zamani, kwa kuwa hakuna kipuri cha bei ndogo kuliko hicho katika habari hii yote.

Kuhusu themostati, fundi wako si wa kwanza kusema hivyo na hatakuwa wa mwisho, lakini simuungi mkono. Injini bila themostati hukawia kupata joto asubuhi, kompyuta hudhani bado ni baridi na kuzidisha petroli, na oili haifikii joto lake. Si hilo tu. Katika injini nyingi, themostati inapofunguka huziba wakati huohuo njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi, na mlimani sehemu ya maji yako ya moto hayaendi kupozwa kabisa. Kwa upande wa uchunguzi, ubaya wake ni mkubwa zaidi, kwa sababu injini isiyo na themostati haina joto la kawaida ambalo mshale ungelinganishwa nalo. Rudisha themostati ya kweli ya Subaru, ambayo huanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 80. Ukitaka kuipima jikoni kabla ya kuifunga, itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto na uitazame ikifunguka, lakini kumbuka kwamba Lanet maji yako yataishia nyuzi 94 hata uchochee moto kiasi gani. Zinatosha kuifungua. Hazitoshi kumfanya mtu aandike 100 kwenye karatasi yake na kuisawazishia geji kwa namba hiyo.

Wakati wa kujaza maji ndipo nadhani balaa la Timboroa lilipozaliwa. Sensa ilipofunguliwa maji yalimwagika, hewa ikaingia, na injini ya Subaru, ambayo silinda zake zimelala ubavuni, ina pembe nyingi za kuificha hewa hiyo. Lisimamishe gari mahali ambapo pua yake imeinuka, fungua kizibo cha kutolea hewa kilicho kwenye kona ya juu ya rejeta, na ujaze polepole kupitia tangi dogo la chuma lililo juu ya injini mpaka maji yatoke kwenye kizibo bila mapovu. Funga kizibo, washa injini, weka hita kwenye joto la mwisho, minya hosi mbili za rejeta kwa mkono mara kwa mara, na ungoje mpaka feni zizunguke na kuzima, kisha zizunguke tena. Hita ikipuliza moto bila kukatika, hewa imetoka. Tumia kulanti na maji safi yaliyochujwa, wala usitumie maji ya kisima, kwani maji ya visima vya Bonde la Ufa yana chumvichumvi inayoacha ukoko ndani ya mabomba na kwenye ncha ya sensa.

Feni hizo zitakusaidia pia kwa njia nyingine. Zinaamriwa na kompyuta kwa kutumia sensa yake yenyewe, si ile ya geji. Kwa hiyo zikiwaka na kuzima kwa zamu huku mshale ukiwa umelala kwenye C, una mashahidi wawili wanaopingana, na wa feni ndiye wa kuaminiwa. Kama gereji ina kipimajoto cha miale, kielekezwe kwenye mpira mweusi wa hosi au kwenye chuma kilichopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, kwani alumini inayometameta hukidanganya na kukifanya kisome chini.

Endapo umefanya yote haya na mshale bado unapanda mlimani, au tangi la akiba linatoa mapovu mfululizo injini ikiwa imewaka, au hosi ya juu inakuwa ngumu kama jiwe dakika chache tu baada ya kuwasha asubuhi, basi gesi ya silinda inaingia kwenye maji na hedi gasketi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, ndiyo ya kuangaliwa. Muulize fundi kama ana kile kipimo cha maji ya buluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta. Yakigeuka kuwa ya njano, jibu limepatikana. Hali hii pia huweza kuufanya mshale uruke, pale povu la mvuke linapoipita sensa, na ndiyo maana nilisema mwanzoni kwamba kuruka kwa kufuata mtikisiko wa barabara ni umeme. Kuruka kusikofuata barabara, hasa mlimani na hita ikibadilikabadilika, ni kwa kuogopwa. Mpaka hapo utakapojua, usilipeleke gari hilo Eldoret. Matatu zipo, na mama atakuelewa.

SWALI: Mimi ni mwalimu hapa Kakamega na nina Mazda RX-8. Tangu niinunue, mshale wa joto hupanda hadi karibu na katikati na kubaki hapo kama uliopigwa msumari, niwe nimesimama kwenye foleni au ninapanda mlima wa Riat kutoka Kisumu. Rafiki yangu anasema sensa imekufa. Je, ni kweli?
Mwalimu, Kakamega

JIBU: Sensa iliyokufa haiwezi kuupandisha mshale kutoka C kila asubuhi na kuusimamisha mahali palepale, Mwalimu. Geji ya RX-8 imeundwa hivyo makusudi. Watengenezaji wengi wa magari walichoka kuwapokea wateja waliotishwa na mshale unaosogea kidogo mlimani na kurudi bondeni, wakaamua kuutuliza mshale ubaki mahali pamoja katika masafa mapana ya joto, na uondoke hapo pale tu mambo yanapokuwa yameharibika. Kwa gari la kawaida uamuzi huo unavumilika. Kwa injini ya RX-8, ambayo haina pistoni bali rota zinazozunguka kati ya vipande vya alumini na vya chuma vilivyobanwa pamoja na kuzibwa kwa mipira, siupendi hata kidogo, kwa kuwa mipira hiyo haisamehe joto, na mshale unapoanza kusogea tayari umechelewa kukuonya.

Kwa hiyo geji yako nadhani ni nzima, ila haikwambii mengi. Nunua kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani na kupeleka habari kwenye simu kwa Bluetooth, nawe utaona nyuzi zenyewe zinazosomwa na kompyuta. Jizoeze na namba zako: angalia zinakaa wapi kwenye barabara tambarare, zinapanda kiasi gani Riat, na feni huitwa kwenye ngapi. Ukiona zimepita 105, ondoa mguu kwenye petroli, zima kiyoyozi na ufungue hita. Zikikaribia 110, simama pembeni. Na tafadhali usibonyeze simu ukiwa unaendesha. Itundike mahali pa kuonekana, namba iwe kubwa, basi.

Kwanza, hata hivyo, fanya kazi moja ya kulinganisha. Asubuhi kabla ya kuwasha, joto la maji linalosomwa kwenye simu linapaswa kufanana na joto la hewa inayoingia kwenye injini, kwa kuwa vyote vimelala nje usiku kucha. Vikitofautiana kwa nyuzi nyingi, hapo ndipo umlaumu rafiki yako kidogo na sensa zaidi.

SWALI: Fundi, shikamoo. Marehemu baba aliniachia Triumph TR6 ya mwaka 1972, nami nimeifufua hapa Kisumu kwa msaada wa mafundi wa jua kali. Tulifungua dashibodi ili tuipake vanishi mbao yake, na tangu tuirudishe mshale wa joto hupanda karibu na mwisho hata injini ikiwa vuguvugu kiasi cha kushikika kwa mkono. Nimebadilisha sensa na hakuna kilichobadilika. Jambo la ajabu ni kwamba hata geji ya petroli inaonyesha tangi limejaa wakati najua limefika nusu.
Mrithi, Milimani, Kisumu

JIBU: Marahaba, na pole kwa msiba. Hilo unaloliita la ajabu ndilo lililokujibu swali, na lau ungeliandika kwenye mstari wa kwanza ningelijibu kwa mstari mmoja. Geji mbili zinapokosea pamoja, kwa upande uleule, usitafute kwenye sensa mbili. Tafuta kile kitu ambacho zote mbili zinakila. Katika TR6, geji ya joto na ya petroli hulishwa na kikebe kidogo cha kutuliza umeme kilicho nyuma ya dashibodi, ambacho kazi yake ni kuzipa geji wastani wa volti 10 hata kama betri na alteneta zinapandisha volti hadi 14. Ndani yake mna bapa la metali mbili linalopata joto, kujikunja na kukata umeme, kisha kupoa na kuunga tena, mchana kutwa.

Kikebe hicho kinahitaji kuunganishwa na bodi ili kifanye kazi, na huunganishwa kupitia ganda lake la chuma. Mlipoirudisha dashibodi, bila shaka kiligusana na mahali penye rangi, kutu au vanishi yenu mpya, kikakosa njia ya kurudi, na sasa kinapitisha umeme wote wa betri bila kuukata. Ndiyo maana geji zote zimepanda. Kingekufa kwa namna nyingine, cha kukata moja kwa moja, zote mbili zingelala chini kabisa. Kwangua mahali kinapokaa, au kiongezee waya mfupi kutoka kwenye ganda hadi kwenye chuma safi cha gari, na ninatarajia mishale yote miwili irudi mahali pake bila kununua chochote.

Ukitaka kukipima, tafuta mita ya zamani yenye mshale, si ya tarakimu, kwa sababu umeme wake hutoka kwa mapigo na namba za mita ya kisasa zitarukaruka zisikwambie kitu. Kikiwa kimechoka kweli, kuna vya elektroniki vinavyotoa volti 10 tulivu, na fundi wa redio anayejua kazi yake anaweza kukutengenezea kimoja kwa kipande cha miguu mitatu kiitwacho 7810, mradi akifunge kwenye chuma cha kukipooza na akumbuke kwamba nacho kinadai waya wa bodi. Uliza Kibuye kabla hujaagiza kutoka Uingereza.

Nina neno moja la tahadhari kwako ambalo ni kinyume cha nililomwambia ndugu wa Lanet. Geji za TR6 huendeshwa kwa joto la waya mwembamba ulio ndani yake, kwa hiyo mshale wake ni mzito na husogea taratibu hata umeme ukikatika ghafla. Katika gari lako, mshale unaopanda polepole hauthibitishi kwamba injini ndiyo inayopata moto. Na usiunganishe waya wa sensa moja kwa moja na chuma ili kupima. Waya huo mwembamba utaungua, na geji za TR6 haziokotwi barabarani.

SWALI: Nina Toyota Celica na nimechoka na geji ya dashibodi. Je, naweza kufunga geji ya pembeni yenye namba, bila kutoboa injini?
Dereva, Bungoma

JIBU: Unaweza, dada au kaka. Njia rahisi ni kipande cha alumini kinachokatiwa nafasi katikati ya hosi ya juu ya rejeta, kikiwa na tundu la nyuzi kwa ajili ya sensa mpya. Pima kipenyo cha hosi kwanza, na uikate pale ambapo maji hupita kila wakati. Hosi ya juu husoma joto la maji yanayotoka kwenye injini, ila ikiwa themostati ya gari lako iko upande huo, haitakuonyesha kitu cha maana mpaka ifunguke, kwa hiyo usishtuke ukiona namba ndogo kwa dakika za kwanza. Iache geji ya dashibodi ifanye kazi yake kama kawaida na sensa yake ya zamani. Usizilishe geji mbili kwa sensa moja, zitadanganya zote.

Na ikiwa sensa uliyonunua ni ya waya mmoja, kumbuka kwamba kipande hicho cha alumini kimezungukwa na mpira pande zote mbili na hakigusi chuma chochote. Kifungie waya wa bodi kwa skrubu, uupeleke hadi kwenye injini, la sivyo geji yako mpya itakaa kwenye sifuri kuanzia siku utakayoifunga.